Viatu vya Mejumaa

Wanawake mia sita na arobaini walikuwa wakimpenda Luqman, na aliyemzaa alikuwa hawezi hata kumtazama usoni.

Aliyemzaa ni Hanifa, msichana wa Msambweni mwenye miaka ishirini na minne, diploma ya uandishi wa habari, na kazi ya kupiga fotokopi Ukunda. Luqman mwenyewe hakuwa na mwili wala kivuli. Alikuwa mtu wa hadithi, tajiri mwenye hoteli Diani, na mkewe Mejumaa alikuwa mfua shuka wa hoteli hiyohiyo. Kila Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, saa kumi alasiri, Hanifa alituma sura moja ya *Shuka Nyeupe* kwenye kundi la WhatsApp, na kabla chai haijapoa simu yake ilikuwa ikitetemeka juu ya meza kama mgonjwa wa homa. Luqman alimpenda Mejumaa na alimtesa Mejumaa. Kadiri alivyomtesa ndivyo wasomaji walivyozidi kuomba sura ndefu.

Luqman hakuwahi kumpiga mkewe. Hanifa aliikataa njia hiyo tangu sura ya kwanza, kwa kuwa aliiona nyepesi. Luqman alipokasirika alichukua viatu vya mkewe, akavitoa nje ya mlango, akavielekeza ncha zake njiani, kisha akarudi ndani bila kusema neno. Siku chakula cha jioni kilipochelewa kidogo, aliinua sufuria ya wali, akaumwaga mchangani, akaenda kunawa mikono kwa sabuni. Aliweza kununa siku kumi na moja. Na wasomaji? Wasomaji walituma mioyo. "Wivu huo, mwanamume akikupenda lazima awake," aliandika mmoja. Mwingine akajibu: "Mimi hata animwagie, nitaokota punje mojamoja."

Hanifa alicheka siku hiyo. Baadaye hakucheka tena.

Maana ilipofika sura ya ishirini, wasomaji walianza kudai kitu kingine. Walitaka Luqman aponywe. Walitaka kujua nani alimuumiza hata akawa hivyo. Hanifa akampa mama wa kambo, mwanamke katili aliyemfungia nje na njaa akiwa na miaka saba. Kundi zima lililia. Akampa malaria, ili Mejumaa amuuguze na mapenzi yarudi kitandani pa mgonjwa, lakini sura ikaishia Luqman akilalamika kwamba uji una madonge. Akamsimamisha kaburini kwa marehemu mama yake. Luqman alilia kweli, machozi yakamchuruzika hadi kidevuni, na Hanifa, aliyekuwa akimwandika, alihisi kwamba lile lijamaa linajitazama likilia.

Sasa Mejumaa alikuwa amesusa na kurudi kwao, na Ijumaa ilikuwa sura ya mwisho. Luqman aje amwombe mkewe, asamehewe, kwisha.

Alhamisi mchana karatasi ilikuwa bado nyeupe.

"Hanifa, bado tu?" aliuliza Mercy, akipunga feni ya kadibodi nyuma ya kaunta. Mercy ndiye mwenzake wa dukani, mzaliwa wa bara aliyekuja Ukunda na mamake kufuata kazi za hoteli, na ndiye aliyelifungua lile kundi na kulilinda kama mbwa wa getini. "Watu wananiulizia mpaka simu inashika moto. Luqman ako wapi?"

"Yupo. Hataki kusema."

"Kusema nini? Aseme sori, walie kidogo, wakumbatiane, tumalize. Mimi nishanunua hadi njugu."

"Sori ya nini?"

"Ai, wewe nawe! Sori ya kila kitu."

"Kila kitu kitu gani? Viatu? Wali? Zile siku kumi na moja?"

Mercy aliweka feni chini. "Skiza dadangu, usituletee ukali wa Kiswahili hapa. Ni wewe ulimfanya mbaya, si sisi. Basi ni wewe umfanye mzuri. Unadhani mtu anaamka tu asubuhi akiwa Luqman? Si ana reason?"

"Sababu nimempa mimi. Nimempa na malaria, nimempa na machozi. Vyote vimemkaa kama kanzu ya kuazima."

"Basi muazimie ingine," alisema Mercy, akamgeukia mteja aliyetaka kitambulisho kitolewe nakala pande mbili.

Hanifa alisimama, akakaa, akasimama tena. Alifunga kompyuta akaifungua. Alitoka hadi barabarani, akaitazama njia ya Diani iliyojaa bodaboda na wauza madafu, akarudi bila kununua kitu. Neno lilikuwa likimwasha mahali asipopafikia kwa mkono.

Kitu ambacho Mercy hakukijua ni kwamba Luqman hakutoka hewani. Viatu, sufuria, siku kumi na moja za kununa, vyote Hanifa alivipokea jikoni kwao, kutoka kinywani mwa dada yake Chiku, aliyerudi nyumbani miezi mitatu nyuma kutoka kwa mumewe, kijijini Mkwiro, kisiwani. Mumewe, Sefu, alikuwa nahodha wa boti ya watalii wanaokwenda kutazama pomboo, mtu wa tabasamu pana kwa wageni. Chiku alivisimulia vitu vile mara moja tu, taratibu, kama anayesimulia ndoto. Hanifa alivibeba usiku uleule akavitia ndani ya hadithi. Hakuomba ruhusa. Alijiambia kwamba dada yake hasomi mambo ya simu.

Jioni hiyo alimkuta Chiku ameketi juu ya mbuzi akikuna nazi. Hanifa alivua baibui akaanza kukata kitunguu.

"Jumamosi wanakuja," alisema Chiku bila kuinua macho. "Sefu na wazee wake. Ami Salimu keshakubali kuwapokea."

"Nawe umekubali?"

Chiku aligeuza kifuu, akakuna ubavu wa pili. "Hanifa. Mejumaa ni mimi?"

Kisu kilisimama.

"Nani kakwambia?"

"Viatu vimeniambia. Ukanda ulioshonwa kwa uzi mwekundu, hata uzi wenyewe hukuubadilisha rangi. Yule anayejiita Asumini kwenye kundi lenu, anayetuma ua moja kila sura, unadhani ni nani?"

Hanifa alikaa chini pale sakafuni, kisu mkononi. Aliutafuta upande wa kuingilia, akaona hakuna ila ule wa wazi. "Dada, nimekukosea. Ulinipa siri yako nami nikaigawa kwa watu wasiokujua, na sikukuuliza. Nilikudhania hutajua, na hilo ni kosa la pili. Niwie radhi."

Chiku aliweka kifuu chini. Kisha akatabasamu kidogo. "Nimekuwia. Siku ya kwanza nilitaka kukunyonga, wallahi. Ya pili nikaisoma tena. Nikasema, kumbe yapo, si mimi niliyeyazua kichwani. Kuna mtu kayaona." Alikung'uta machicha. "Lakini iliyonifungua macho ni ile ya mama wa kambo."

"Ya mama wa kambo?"

"Sefu naye kalelewa na mama wa kambo, hukumbuki? Sikuwahi kuviunganisha. Mtoto aliyefungiwa nje na njaa, akiwa mtu mzima chakula kikachelewa, si atapandwa na wazimu? Nililia, Hanifa. Nikajiona mimi ndiye niliyekuwa simwelewi."

"Dada, yale niliyatunga! Niliyatunga dukani, nikiingojea mashine ya fotokopi ipoe!"

"Kuyatunga si kusema umekosea."

"Sefu amewahi kukwambia kwamba alifungiwa nje?"

"Sefu hasemi mambo yake," alisema Chiku, na sauti yake ilikuwa na huruma ambayo Hanifa hakuwahi kuisikia tangu dada yake arudi. "Ndiyo maana nashukuru umemsemea wewe. Kesho nitasoma mwisho. Kesho kutwa watakuja. Usinifungie mlango."

Hanifa hakula vizuri jioni hiyo, na Ijumaa alifika dukani kabla Mercy hajafungua. Mwezi mzima alikuwa akitafuta huruma ya kumpa Luqman asiipate, na kumbe ile ya bandia aliyoishonashona imekwenda kumvika mtu mwingine, mtu mwenye damu na boti, na dada yake yu tayari kuifuata ng'ambo ya maji. Angeandika kwamba Luqman amesamehewa, Chiku angekwenda. Angeandika kwamba hakusamehewa, basi angekuwa amemwamulia dada yake mambo yake, tena kwa hila. Alizunguka kaunta mara nyingi hata Mercy akamwambia atamlipisha nauli.

Saa sita aliketi akaamua kumtendea Luqman haki. Hatamlaani wala hatampamba. Atampa nafasi aseme mwenyewe.

Kwa watu wa Msambweni, angalau katika ukoo wao, mwanamume aliyekuja kumfuata mke aliyesusa huketishwa mkekani mbele ya wazee, na kabla ya kahawa kupita huulizwa swali moja: taja kosa lako kwa kinywa chako. Si lazima alie. Si lazima alete zawadi. Atataja tu alilolifanya, mkewe akiwa anasikia. Hanifa alimpeleka Luqman kwenye mkeka huo. Akawaacha wazee wamuulize. Kisha akaondoa mkono wake, akamwachia ukurasa mzima.

Luqman alisema. Lo, alisema! Alisema juu ya mama wa kambo, juu ya hoteli na shida zake, juu ya usiku asiopata usingizi. Alisema Mejumaa ni hewa yake. Aliulizwa mara ya pili, akasema mapenzi yake ni makubwa kuliko makosa yote. Aliulizwa mara ya tatu, akasema amebadilika. Hanifa aliandika huku jasho likimtoka, akingojea japo neno moja juu ya viatu. Angelitaja, wallahi angemsamehe pale pale, yeye na wasomaji wake wote. Ukurasa ukaisha. Mejumaa akainuka, akaingia ndani, akafunga mlango, akaenda kuloweka shuka. Mwisho.

Saa kumi alasiri aliituma.

Dakika tatu zikapita, kundi likiisoma. Kisha likalipuka.

"Mwandishi hana moyo!" "Huyu dada hajawahi kupendwa." "Tumemngoja sura thelathini atufungie mlango?" Watu wakaanza kutoka, mmoja, wanne, ishirini. Mercy alisimama katikati ya duka, simu mkononi, macho yamemtoka kama aliyeibiwa.

"Umetuua, Hanifa. Watu tisini wametoka. Tisini! Andika tu kitu kidogo, useme pole, ulikuwa na stresi, utaandika ingine."

"Pole ya nini?"

"Usinianzie na pole ya nini!"

Ua la Asumini halikuja.

Nyumbani, mkoba wa Chiku ulikuwa umefungwa na kuwekwa nyuma ya mlango wa chumba. Chiku alikuwa akipiga pasi leso mbili mpya. "Nimeisoma," alisema kabla hajaulizwa. "Umeandika vizuri. Lakini hadithi ni hadithi. Luqman ni tajiri wa Diani, ana kiburi. Sefu wangu hana kiburi. Ana kidonda tu."

Jumamosi walifika saa nne. Sefu alivaa kanzu iliyopigwa pasi mpaka ikawa na makali, na nyuma yake walikuwapo ami yake, Mzee Tembo, na wazee wengine wawili. Walivua viatu barazani, wakaingia, wakasalimiana kwa kirefu. Hanifa aliwaamkia wazee shikamoo mmoja mmoja. Kwa Sefu alisema, "Karibu, shemeji," naye Sefu hakuitikia.

Ami Salimu, ndugu ya marehemu baba yao, aliketi penye kichwa cha mkeka. Mama yao alikaa karibu na mlango wa ndani, Chiku ubavuni pake katika leso mpya. Hanifa alishika birika la kahawa, asilimimine.

"Sefu mwanangu," alisema ami Salimu, "umekuja kwa heshima, nasi tunakupokea kwa heshima. Desturi yetu waijua. Taja kosa lako."

Sefu alikohoa. "Ami, mimi ni mtu wa bahari, maneno mengi sina. Yaliyopita yamepita. Mke wangu nampenda, na nyumba bila yeye si nyumba."

"Hilo tumelisikia, na ni zuri. Kosa?"

"Mwanadamu hakosi kukosa, ami."

"Bado hujataja."

Mzee Tembo aliingilia kati. "Salimu, ndugu yangu, kijana kavuka maji kuja hapa. Kule kuja kwake si kukiri?"

Hapo Chiku akasogea mbele. "Ami, niruhusu nimsaidie. Sefu si mbaya. Ni malezi. Mama yake wa kambo alikuwa akimfungia nje na njaa, na mtu wa namna hiyo..."

"Nani?" Sefu aligeuka ghafla. "Nani alinifungia nje?"

"Mama yako wa kambo," alisema Chiku polepole.

"Bi Mwanasha? Bi Mwanasha alinilea kwa mkono wake! Nilikuwa nalishwa kabla ya watoto wake wa kuzaa! Hebu muulize Mzee Tembo!"

Mzee Tembo aliitikia kwa kichwa. "Wallahi mwanamke yule alimdekeza kupita kiasi."

Hanifa alimwona dada yake akitafuta mahali pa kuweka macho.

Sefu alikuwa amekwisha kuelewa. Alimnyooshea Hanifa kidole. "Ni huyu! Ni vihadithi vyake! Nyinyi mwaniuliza kosa langu, mbona hamumuulizi huyu lake? Mkwiro nzima imesoma. Binti wa dada yangu kanisomea yote, tangu mwanzo. Wanawake wananicheka kisimani, wananiita Luqman!" Alikuwa amepiga magoti sasa, sauti juu. "Na ni uongo mtupu! Kaandika nilimwaga wali. Ule haukuwa wali, ulikuwa ugali! Kaandika viatu navitoa nje kila nikikasirika. Mimi viatu vyake nimevitoa mara tatu tu! Tatu! Na kununa, kaandika siku kumi na moja, hazikufika hata tisa!"

Alinyamaza kwa sababu kila mtu alikuwa amenyamaza.

Mzee mmoja wa Mkwiro alitazama dari. Ami Salimu alipitisha kiganja juu ya ndevu zake.

"Basi," alijaribu Mzee Tembo, kwa sauti ndogo, "si keshataja?"

"Kataja," alisema Chiku. "Alipokuwa akimrekebisha Hanifa. Mimi hakuniambia."

Aliinuka. Wote walidhani anakwenda chumbani kuchukua mkoba, na mama yake akampisha. Chiku alipita katikati ya mkeka, akatoka barazani. Kupitia mlango uliokuwa wazi walimwona akiinama. Kati ya viatu vyote vilivyopangwa pale alichagua makubadhi ya Sefu, akayaweka kando peke yake, akayageuza, ncha zikaelekea barabarani. Aliyapangusa hata vumbi. Kisha akarudi, akapita palepale, akaingia chumbani, na wakasikia zipu ya mkoba ikifunguliwa.

Hanifa alisimama na birika lake. Sura thelathini, na hili hakuliwaza.

Wazee waliaga kwa shida, kila mmoja akitafuta pa kushika. Lakini Sefu hakutaka kutoka mikono mitupu. Alisimama kizingitini, mbele ya viatu vyake vilivyogeuzwa, na akasema kwamba hatoki hapo mpaka yule msichana aombe radhi mbele ya watu, na aandike radhi hiyo kwenye kundi, Mkwiro isikie.

"Hanifa mwanangu," mama yake alinong'ona, "neno moja tu. Waondoke kwa amani."

"Neno moja tu," alisema ami Salimu, amechoka. "Ni mkubwa wako. Udugu usikatike hivi."

Simu ya Hanifa ilitetemeka kiunoni. Alijua ni Mercy, na alijua anataka nini. Aliweka birika chini taratibu.

"Ami, heshima yako ipo, na kesho nitakuamkia kama leo," alisema. "Dada yangu nilimkosea, nikamwambia kosa langu kwa jina lake, akaniwia. Huyu sikumkosea. Ila ule wali kweli ulikuwa ugali, shemeji. Hilo nitalisahihisha leo hii, na zile mara tatu nitaziandika tatu."

"Na radhi?" Sefu alifoka.

"Radhi siombi."